Mbwa wa Boma na Mbwa wa Geti

Ukipita mitaa ya Nakuru yenye nafasi, kama Milimani, Section 58, Naka au Kiamunyi, geti la chuma lisilo na onyo la mbwa ni la kutafuta. Maandishi ni yaleyale, "Mbwa Kali", mara nyingi kwa rangi nyekundu na kwa mkono wa fundi yuleyule aliyechomelea geti. Nyuma ya onyo hilo yapo mabishano ya wenye mbwa ambayo hayaishi. Kuna wanaosema mbwa wa kulinda familia hufunzwa: mtafutie mwalimu angali mdogo, ajue kukaa, kufuata, kushika na kuachia, la sivyo unafuga hasara. Kuna wanaosema ulinzi umo katika damu: nunua mbegu nzuri, Jamani shepadi au Rottweiler ambaye baba na mama yake wanajulikana, na silika itafanya kazi iliyobaki. Nadhani pande zote mbili zinaanza kusimulia hadithi katikati. Historia ya Bonde la Ufa la kati inaonyesha kwamba mbwa aliyelinda watu hapa alitengenezwa na malezi, jambo ambalo si silika tupu wala si mafunzo ya amri. Yule mkali wa getini alikuja baadaye sana, katika wakati unaojulikana, pamoja na mpango mpya wa kumiliki ardhi, na kitu alicholetwa kulinda hakikuwa kile cha zamani.

Ushahidi wa kale uko mlangoni pa mji. Hyrax Hill, kilima kidogo kando ya barabara ya kwenda Nairobi, kilichimbwa na Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kikatangazwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, na makumbusho yake yakafunguliwa mwaka 1965. Upande wa Njoro kuna pango la mtoni ambalo yeye na mumewe Louis walilichimba mwaka 1938 wakakuta mabakuli ya mawe, shanga, na mabaki ya watu waliochomwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Hao walikuwa wafugaji. Ng'ombe na kondoo walikuwa wamekwisha kufika Bonde la Ufa enzi hizo, lakini mbwa alikuwa na safari ngumu zaidi. Misri alikuwako zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, ila kuteremka kusini kulimchukua muda mrefu mno kwa mnyama anayekwenda mbio kuliko kondoo. Mwanaakiolojia Peter Mitchell alipendekeza mwaka 2015 kwamba kizuizi kilikuwa maradhi: nagana inayoletwa na mbung'o, homa za kupe, na mengine ambayo mbwa wa kaskazini hakuwa na kinga nayo. Kama ndivyo, basi chujio la kwanza lililomtengeneza mbwa wa kienyeji halikuhusu ukali hata kidogo. Aliyebaki ni yule ambaye damu yake iliwahimili kupe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Adam Boyko na wenzake mwaka 2009 ulionyesha kwamba mbwa wa vijijini wa Misri na Uganda kwa sehemu kubwa wana asili yao wenyewe, wala si machotara ya mbwa wa Ulaya waliopotea njia. Huyo tunayemwita koko kwa dharau ana ukoo mrefu kumshinda Jamani shepadi, ambaye chama chake cha nasaba kiliundwa Ujerumani mwaka 1899.

Tukirudi Hyrax Hill, kuna kitu kingine pale chenye kusema mengi juu ya ulinzi: mashimo ya Sirikwa. Kuanzia takriban miaka 800 iliyopita, wafugaji wa nyanda hizi walikuwa wakichimba mazizi ndani ya ardhi ya mteremko, na mavi na udongo uliozolewa ukarundikwa upande wa chini kama kingo. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyeyachunguza kwa miaka mingi, alieleza kwamba nyumba ndogo ziliegemezwa kwenye ukingo wa zizi na mlango wake ukafungukia humo humo. Aliyetaka ng'ombe ilimbidi apite njia moja nyembamba, mbele ya watu waliolala. Hapo ndipo palipo kiini cha ulinzi wa kale wa bonde hili. Ulinzi ulikuwa mpangilio wa makao: ukuta, mlango mmoja, na binadamu aliye karibu kiasi cha kuamka. Mbwa katika mpangilio wa namna hii anahitajika kama sikio na kama sauti. Hahitajiki kuwa silaha, kwa sababu silaha ziko mikononi mwa watu, nao wamelala hatua chache kutoka hapo.

Boma la mifugo lililofuata, lile la miiba tunalolijua kwa Wamaasai na majirani zao, liliendeleza kanuni hiyo. Mbwa wa boma hakuwa na banda wala cheti, na hakuna aliyemketisha akamfundisha amri. Alizaliwa kando ya zizi, akafungua macho katika harufu ya mbuzi, akashikwashikwa na watoto, akafukuzwa kwa kijiti alipokaribia maziwa, na alipoweza kutembea akawafuata wachungaji malishoni. Usiku kazi yake ilikuwa kubweka. Watu wa mjini hulidharau jambo hili, wakasema mbwa wa kienyeji hubweka tu. Lakini mwaka 2007 Rosie Woodroffe na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Laikipia, jirani na bonde letu kwa upande wa kaskazini, juu ya mifugo kuvamiwa na simba, chui, fisi na duma. Mchana, kundi lililokuwa salama zaidi lilikuwa dogo, lililochungwa mahali peupe, likiwa na wachungaji pamoja na mbwa. Usiku, boma lililovamiwa kwa nadra lilikuwa lenye ukuta mzito na milango michache, ambamo watu na mbwa walikuwamo pamoja. Matokeo hayo hayamsifu mbwa peke yake. Hakuna mbwa wa kilo 15 anayemshinda simba kwa meno, na chui humla mbwa kwa hamu. Anachokifanya mbwa ni kumnyima mvamizi nafasi ya kuingia kimya, na kumwamsha mtu mwenye mkuki au mwenge. Ukimwondoa mtu huyo, kubweka kunabaki kelele.

Lakini kwa nini mbwa huyo hakuwala mbuzi aliokuwa akiwalinda? Hapa hoja ya damu inaanza kuyumba. Mwaka 1833 Charles Darwin, akisafiri katika nchi ambayo leo ni Uruguay, aliona mbwa wakichunga kondoo peke yao maili nyingi kutoka nyumbani, akauliza walifunzwaje. Akaelezwa kwamba mtoto wa mbwa hutengwa na mama yake angali mdogo sana, hunyonyeshwa na kondoo jike, hutandikiwa kitanda cha sufu ndani ya zizi, na haachwi achangamane na mbwa wengine wala watoto wa nyumbani. Akikua, kondoo ndio jamaa zake. Zaidi ya karne moja baadaye, J. P. Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kilichotokana na majaribio marefu huko Marekani, walionyesha kwamba kuna dirisha katika maisha ya mbwa, kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, ambamo anaamua nani ni wa kwao. Dirisha likishafungwa, kufungua tena ni kazi nzito. Raymond na Lorna Coppinger, waliosambaza mbwa wa kulinda kondoo katika mashamba ya Marekani, walifika kwenye hitimisho la aina hiyo: aliyelelewa zizini katika wiki hizo hulinda, na ndugu yake wa tumbo moja aliyelelewa kwingine huwatimua kondoo kama mchezo. Namibia, tangu mwaka 1994, mradi wa kuhifadhi duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki kwa kanuni hiyo hiyo, na mbwa hukabidhiwa kwa mbuzi akiwa bado mdogo. Mama wa boma la Elmenteita au Mau Narok hakuwa na dirisha la Scott na Fuller kichwani. Alikuwa na watoto wasioweza kukiacha kijibwa kipumzike, na kwa kazi hiyo walitosha.

Mtetezi wa silika hataridhika. Atasema kwamba vizazi vya mbwa wa boma vilichujwa, mbwa mwizi wa mayai na mng'ata watoto wakauawa, na kwa hiyo damu iliyobaki ndiyo iliyofanya kazi. Ni pingamizi nzuri, na sehemu yake ni kweli. Kila jamii iliyofuga mbwa iliwaua wasiofaa, na kuua ni namna ya kuzalisha. Lakini waangalie Waogiek wa msitu wa Mau, wanaojulikana zaidi kwa mizinga ya asali. Nao walifuga mbwa, nao hawakuwa na vitabu vya nasaba, na mbwa wao alikuwa mwindaji: alimfukuza mnyama kichakani hadi akamzuia ili wenye mishale wafike. Msitu wa Mau na malisho ya chini yake havikutengwa na bahari. Watu walibadilishana asali kwa mifugo, na mbwa hawasubiri ruhusa ya wazee kupandana. Ukali wa kufukuza na subira ya kulala kando ya mbuzi vilitoka katika mbwa wa nchi moja, kila kimoja kikaitwa juu na maisha ya nyumba alimolelewa. Damu inampa mbwa uwezo wa mambo mengi. Ni wiki zile za mwanzo, na nani anamzunguka, vinavyochagua lipi litoke.

Kisha ardhi ikabadilisha wenyewe. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamaasai walitia saini mkataba uliowaondoa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, na mwaka 1911 ukafuata wa pili uliowahamisha tena kutoka Laikipia. Lord Delamere alikuwa amepewa mwaka 1903 ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99, na baadaye akapata Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Kondoo wake wa kigeni walikufa Njoro kwa sababu ardhi ile ilipungukiwa na madini, na ng'ombe wake wakapukutishwa na homa za nchi. Mbwa wa kigeni walikutana na kupe wale wale waliomchuja mbwa wa kienyeji zamani. Mfano unaojulikana zaidi wa mbwa wa walowezi wa kwanza ni Buller, chotara aliyekua na Beryl Markham shambani kwa baba yake Njoro, naye Beryl akamwandika katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Buller alichukuliwa na chui usiku akanusurika, akararuliwa na ngiri alipokwenda kuwinda pamoja na msichana huyo na wawindaji wa Kinandi. Ukisoma habari zake huoni mbwa wa geti. Unaona mbwa wa boma mwenye sura ya kigeni: analala na mtoto, anafuata wachungaji na wawindaji, anamjua kila mtu wa uwanjani. Mlowezi wa miaka ile ya kwanza aliishi katika kibanda cha udongo, akiwa na hofu zile zile za mfugaji aliyemtangulia, na mbwa wake alilelewa hivyo hivyo.

Mambo yaligeuka shamba lilipokuwa milki yenye mipaka na wafanyakazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu skwota kufanya kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Kitambulisho cha kuvaliwa shingoni, kilichoitwa kipande, kikaja kuanza kazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Katika miaka ya 1920 maskwota wa Nakuru na Naivasha walipunguziwa mifugo kwa nguvu, operesheni ambayo wao wenyewe waliipa jina la kifagio, kama alivyoeleza mwanahistoria Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987. Katika nchi ya namna hii, adui wa mwenye shamba hakuwa tena chui wa usiku. Alikuwa binadamu wa mchana: anayekatiza njia, anayechunga mbuzi wa ziada, anayeokota kuni, anayebeba maziwa. Nani ana haki ya kuwa wapi likawa swali la kila saa, na mbwa akapewa kazi ya kulijibu. Thamani ya mnyama wa bwana dhidi ya mtu wa bwana ilikuwa imewekwa wazi. Mwaka 1923 huko Molo mkulima Jasper Abraham alimchapa mfanyakazi wake Kitosch hadi akafa, kosa lake likiwa kumpanda farasi jike badala ya kumkokota, na mahakama ikamhukumu Abraham miaka miwili kwa kosa la kuumiza.

Wako wanaoshikilia kwamba mbwa wa walowezi walizaliwa na chuki ya Mwafrika, au walifunzwa rasmi kumng'ata. Sioni haja ya kukubali lolote kati ya hayo. Mpishi Mwafrika ndiye aliyempikia mbwa, mtunza bustani ndiye aliyemwosha, na hao mbwa hakuwagusa. Aliowarukia ni wengine wa rangi ile ile waliopita nje ya ua. Mbwa aliyelelewa ndani ya uzio, akawaona watu wa nje wakisimamishwa, wakikaripiwa na kuulizwa kipande, na akausikia mwili wa bwana wake ukikakamaa kila walipokaribia, hahitaji mwalimu. Malezi yale yale yaliyomfanya mbwa wa boma amtambue kila mbuzi wa nyumbani yalimfundisha huyu kwamba jamii nzima inayomzunguka ni ya kigeni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona hili. Katika riwaya yake A Grain of Wheat ya mwaka 1967, mbwa mkubwa wa Daktari Lynd anamjia juu Karanja, mfanyakazi mtiifu kuliko wote pale kazini, na kosa linakuwa la Karanja aliyeokota jiwe. Hiyo ni riwaya, lakini mahakama za Kenya zilikuwa na kesi yenye umbo hilo. Oktoba 1959, Nairobi, mtumishi wa nyumbani aitwaye Kamawe Musunge alikuwa akipita kwa baiskeli, mbwa wa Peter Poole wakamkimbilia, akawatupia mawe. Poole akatoka akampiga risasi. Alinyongwa Agosti 1960, mzungu pekee aliyenyongwa katika Kenya ya ukoloni kwa kumuua Mwafrika. Mtu alikufa kwa kujikinga na mbwa barabarani, pahali ambapo mbwa hakuwa na cha kulinda.

 

Mafunzo ya amri nayo yana historia, nayo haikuanzia nyumbani kwa mtu. Karl Friedrich Louis Dobermann wa Apolda, Ujerumani, aliyekuwa na kazi ya kukusanya kodi mwishoni mwa karne ya 19, ndiye anayetajwa kuanzisha mbwa anayeitwa kwa jina lake, na si vigumu kukisia kwa nini mtoza kodi alitaka mbwa wa kutisha. Rottweiler alikuwa mbwa wa kuswaga ng'ombe wa wachinjaji. Jamani shepadi alikuwa mchunga kondoo, na mashindano ya kumpima kwa kazi ya ulinzi yalianza mwaka 1901. Konrad Most, aliyefunza mbwa wa polisi na wa jeshi, alichapisha mwongozo wake mwaka 1910. Utaratibu wao ulikuwa wa mbwa mmoja na askari wake mmoja, wakila ratiba moja, wakipimwa kila mara, na kuachia kulikuwa mojawapo ya amri. Utaratibu huo uliingia Kenya kupitia kikosi cha mbwa cha polisi, kilichoundwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1940, na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 mbwa wa kufuata nyayo wakatumiwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Wakati huo huo maelfu ya maskwota Wakikuyu walikuwa wakifukuzwa kutoka mashamba ya Nakuru kurudishwa kwenye hifadhi zao. Mwananchi wa kawaida wa bonde hili alimwona mbwa aliyefunzwa kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kamba ya askari. Ndiyo maana hata leo neno mafunzo, likitajwa mbele ya mbwa, huleta picha ya mkono uliofungwa gunia na meno yaliyozama humo, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya Most ilikuwa utii.

Uhuru ulipokuja, mashamba yaligawanywa. Kuanzia mwaka 1962 mpango wa ekari milioni moja uliwaweka wakulima wadogo kwenye ardhi iliyonunuliwa kutoka kwa walowezi, na kampuni za kununua mashamba zikaongeza maelfu wengine Bahati, Subukia, Njoro na Molo. Mjini, maofisa na wafanyabiashara Waafrika wakahamia Milimani. Walichorithi ni nyumba, ua wa michongoma, kibanda cha bawabu na mbwa. Walichokosa kurithi ni ule muda wa bwana asiye na haraka, na huo ndio uliomfanya Buller kuwa Buller. Hapo akapatikana mbwa wa tatu, ambaye ndiye tunaye: mwenye damu ya kigeni, bila askari wake wa Kijerumani na bila watoto wa boma. Hununuliwa akiwa na wiki sita au saba, hufungiwa bandani mchana wote ili "asizoee watu", hulishwa ugali na mifupa na kijana wa kazi, hufunguliwa usiku. Kumfungia hivyo kunaharibu kwa makusudi sehemu iliyobaki ya dirisha la wiki ya 3 hadi ya 12, na mwenyewe huliita hilo kumnoa. Matokeo ni woga. Mbwa asiyezoea watu huwaogopa, na mbwa mwoga aliyekosa pa kukimbilia hung'ata. Kwa mtu aliye nje ya geti, woga na ujasiri vina sauti moja.

Pingamizi kubwa kuliko zote inatoka kwa wakazi wenyewe, nayo si ya kupuuzwa. Watasema majambazi wa leo si fisi wa Menengai. Wanakuja wanne wenye panga, wakati mwingine bunduki, wanatupa nyama yenye sumu juu ya ukuta saa nane za usiku, na kubweka hakuwafukuzi. Ni kweli. Lakini hebu tuifuate hoja yao hadi mwisho. Sumu humuua mkali kama inavyomuua mpole, tena mbwa anayelala njaa ili awe mkali ndiye anayeimeza upesi. Risasi haichagui mbegu. Kinachobaki kwa mwenye nyumba katika hali hiyo ni dakika chache za onyo kabla mlango haujafikiwa, apige simu, awashe taa, apulize king'ora, aamshe majirani. Na dakika hizo hutolewa na mbwa anayebweka kwa sababu, si na yule anayebwekea kila bodaboda hadi masikio ya mtaa yakamzoea. Mbwa anayejua watu wa kawaida wa nyumbani na wa njiani hubweka mara chache, na akibweka watu huamka. Tena kuna hatari ambazo mbwa wa aina yoyote hazimhusu. Katika machafuko ya kisiasa ya mwaka 1992, na tena ya Januari 2008, watu wa Molo, Nakuru na Naivasha walichomewa nyumba, na baadhi ya waliokuja walikuwa majirani. Hakuna damu wala darasa linalomwezesha mbwa kumtambua jirani aliyegeuka, na aliyejenga ukuta wa futi kumi baada ya hapo alijua hivyo.

Kwa haya yote simaanishi kwamba walimu wa mbwa wafunge kazi. Kwa mwenye muda na fedha, mbwa aliyelelewa vizuri kisha akafunzwa kuitika, kukataa chakula cha mkono wa mgeni na kuachia anapoambiwa ni bora kuliko yeyote aliyetajwa humu. Ninachokataa ni kuyaweka mafunzo mahali pa malezi, kama inavyofanyika pale mtu anapompeleka kwa mwalimu mbwa wa mwaka mmoja ambaye hajawahi kushikwa na mtoto, akitarajia arudishwe mlinzi wa familia. Mwalimu mwaminifu atamwambia kwamba anaweza kumfunza kung'ata kwa amri, na kwamba hilo halimwongezei hata chembe ya kujua nani wa kulindwa. Wala simsafishi mbwa wa kale. Alikonda, alijaa kupe, aliua swara, na alibeba magonjwa: mwaka 1994 homa ya mbwa, inayodhaniwa ilitoka kwa mbwa wa vijijini, iliua yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti. Malezi yalimpa kazi, hayakumpa maisha mema.

Ugonjwa ndio unaolirudisha swali hili mezani kwa serikali. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa viunga vya Nairobi. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka. Chanjo ya umma hutolewa uwanjani, kwa chifu au shuleni, na mbwa hufika kwa miguu yake akiwa kwenye kamba, mara nyingi ya mtoto. Mbwa wa kienyeji wa Subukia, aliyebebwabebwa tangu hajafungua macho vizuri, hushikwa shingo akadungwa akarudi nyumbani. Wa getini hawezi kuletwa kwenye foleni, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani mwake anayethubutu kumshika zaidi ya kijana mmoja, ambaye pengine amekwenda kwao wiki hiyo. Asipofuatwa na daktari wa mifugo hadi bandani, kwa ada ya mwenye nyumba, anabaki bila chanjo, na wa kwanza kuumia humo ndani ni mtoto ambaye maandishi mekundu yaliandikwa kwa ajili ya usalama wake.